Jina la Baba Sekela

Baba,

Hili sijamwambia mtu, hata Mama. Jina la Baba Sekela kwenye ile karatasi iliyokwenda boma, niliandika mimi.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka Iringa, kwenye mafunzo ya viongozi wa jimbo? Ulishuka kwenye lori na vumbi la Usangu mpaka kwenye nyusi, beji kifuani, ukamwambia Mama, "Usinicheke, mwanamke. Nimefundishwa hata namna ya kusimama." Ukatupanga uani, mimi na Mama na mbuzi, ukaendesha mkutano. Mama akanyoosha mkono: "Mheshimiwa, kuni atachanja nani?" Ukasema ajenda hiyo haimo. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Ulileta na kijitabu cha Kiingereza. Wewe Kiingereza hukukijua, basi nikakusomea mimi, ukurasa kwa ukurasa. Kilisema muhtasari mzuri wa mkutano huonyesha kila neno na mwenye neno.

Halafu likaja baraza la matuta. Amri ilikuwa kila shamba la mlimani lilimwe kwa matuta, asiyetaka ashitakiwe. Ukawaambia watu waseme bila woga, kama ulivyofundishwa. Baba Sekela akasimama, jembe begani. "Ya kwangu nitayafukua yote! Waje wanifukie humo humo!" Watu wakacheka, na wewe ukacheka, maana ni rafiki yako tangu mkichunga pamoja.

Nyumbani ukanipa niandike muhtasari wa boma, kwa Kiingereza, ukaniambia, "Andika walichosema, binti yangu. Nani kasema, acha."

Niliitikia. Kisha nikaandika jina lake. Kijitabu kilitaka hivyo, na mimi nilitaka boma waone kazi safi. Darasani sithubutu kunyoosha mkono, Baba, unanijua. Kwenye karatasi nilikuwa mtu. Ukatia sahihi chini ya Kiingereza usichokisoma, kwa sababu nilikiandika mimi.

Askari walikuja wawili. Baba Sekela alipofungwa pingu hakuwatazama wao. Alikutazama wewe. "Hata wewe, ndugu yangu?"

Ukajibu, "Sahihi ni yangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Hukugeuka. Mpaka leo sijui kama ulikuwa umeshajua, au... sijui.

Baada ya hapo ukiingiza mrija wako kwenye chungu cha pombe, wenzako walitoa yao. Mmoja alikumbuka ng'ombe, mwingine aliona mvua inakuja. Ulibaki na chungu kizima peke yako, ukarudi nyumbani hujanywa. Sekela, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, alihamia nyuma. Baridi ilipoanza kifua kikakubana, na siku ya kukuzika watu wa ng'ambo ya kijito, kwa akina Sekela, hawakuleta hata ukuni mmoja.

Sasa nikupe habari za huku. Ukungu una siku ya nne haujapanda. Juzi asubuhi tulikuta mrija mlangoni, umevunjwa vipande viwili. Mama aliufagia. Jana Baba Sekela alitoka kifungoni. Amekonda, mguu mmoja anauburuta. Wanasema hajakubali kula kwa mtu yeyote. Kasema kwanza atapita kwetu. Tangu kulipokucha hakuna aliyeshika njia yetu, hata watoto wa kuchota maji. Mbwa amejikunja mvunguni, ukimwita hatoki.

Mama amekwisha kupanga. "Tutamwambia jina alilitoa marehemu. Marehemu hafungwi."

Na mimi nimeletewa barua ya boma. Wiki ijayo niende Iringa, kuna mafunzo ya uongozi kwa wasichana. Wamenichagua kwa mwandiko wangu, wameusifu. Mwandiko ule ule, Baba.

Nimeandika hii tangu asubuhi. Kila Mama akipita naikalia. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wewe nawe ungeisoma, na Baba Sekela anasoma Kiswahili, polepole, kwa kufuata na kidole.

Akiniachia uso wa kwenda, Iringa nitakwenda. Lakini nakuahidi: neno la mtu halitashuka mlima huu kwa mkono wangu kabla sijamsomea mwenyewe, kwa lugha anayoisikia, akakubali. Hilo kwenye kijitabu chao halimo. Wewe ulilijua bila kijitabu.

Ulinibebea vya kutosha. Pumzika sasa, Baba yangu. Kosa hili naomba unirudishie.

Kuna hatua uani. Moja inakanyaga, moja inaburutwa. Mama ananinong'oneza, "Ficha hayo makaratasi, we mtoto!"

Amepiga hodi.

Siifichi. Naiweka mezani, maandishi yakielekea mlangoni.