Mkono wa Baba na Shavu la Zulhelmi

Kampung Telaga Bata,
Bachok, Kelantan.
18 Novemba 2018

Mpendwa Kaka Azhan,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Perth? Wifi Rohana je, na wanangu Irfan na Maisarah? Mama anauliza kama mgongo wako umepoa, na kama bado unakula wali au wenyeji wameshakugeuza. Sisi huku tu wazima. Mvua zimeanza, ua wote ni tope, na kifua cha Baba kimetulia kidogo tangu atoke hospitali, alhamdulillahi.

Habari njema zinaishia hapo, Kaka, maana baba yako atanitia wazimu.

Unaujua ule ugonjwa wake wa kusoma watu kwa salamu. Anayeinama akaugusa mkono wake kwa pua, huyo ana adabu. Anayeugusa kwa paji la uso ni mvivu. Anayeweka shavu ana kiburi, na anayempa ncha za vidole tu ni mchoyo, hata maji ya kunywa hatakupa. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunacheka. Sasa sicheki, kwa sababu safari hii anayeumia ni Farhana.

Mdogo wetu amepata mtu. Anaitwa Zulhelmi, mwalimu mwenzake, kwao Johor, mpole, tena anampenda kweli. Mwezi huu alikuja na ami yake kuleta posa. Mama alipika wali wa nasi kerabu, mimi nikatengeneza mchuzi wa budu mpaka nyumba nzima ikanuka samaki. Zulhelmi akapanda ngazi, akainama mbele ya Baba, akaupokea mkono kwa mikono yake miwili, vizuri kabisa. Kisha akageuza uso pembeni, akaugusisha shavu, akauachia upesi. Baba akala wali wake. Wageni walipotoka tu akasema, "Huyo hapana. Kanipa shavu kama anajipangusa jasho!"

Kaka, yule kijana alikuwa na mafua. Farhana mwenyewe ndiye aliyemwonya kwamba kifua cha Baba bado kibovu, asije akampumulia. Ndiyo maana akageuza uso. Nilimweleza Baba yote hayo. Unajua alinijibu nini?

"Mwenye mafua hukaa kwao."

Angekaa kwao, angeambiwa hana haja na binti yetu! Mama naye akajaribu. "Baba Azhan, mtoto wa watu alikuwa anakilinda kifua chako."

"Nyinyi mmeshahongwa biskuti," akasema.

Biskuti kweli zililetwa, kopo zima, na nusu yake kaila yeye.

Sasa anayemtaka ni Saifuddin, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huyo akishaishusha pua yake kwenye mkono wa Baba haiinui, utadhani kapitiwa na usingizi. Baba anayeyuka. "Umeona, Suhaila? Hiyo ndiyo salamu." Lakini nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo nikamsikia Saifuddin huyo huyo akimfokea mama yake kwenye simu. "Nishakwambia usinisumbue! Hayo masikio ni mapambo?" Nilipompelekea Baba habari hiyo akasema nina wivu. Wivu wa nini, Kaka, mimi mwenye mume wangu?

Ami yake Zulhelmi anapiga simu kutaka jibu. Mwakani kijana anahamishiwa Sabah na anataka waende wakiwa mume na mke. Baba ameapa kwamba Ijumaa hii atawaambia hapana, na akishalisema mbele ya watu unamjua, halirudi. Nimechoka.

Tena sikia la leo asubuhi. Tangu Farhana aanze kwenda shule hajawahi kutoka nyumbani bila kuubusu mkono wa Baba. Leo Baba alikuwa kibarazani, akaunyoosha mkono kama kawaida. Farhana akavaa viatu, akasema, "Nimekwenda, Baba," akapita. Mkono ukabaki hewani. Baba akautazama, halafu akanitazama mimi.

"Ana nini huyu?"

"Si wewe unayesoma mikono, Baba? Soma."

Mchana hakugusa chakula.

Wewe ndiye mwanawe wa kwanza, na Baba anakusikiliza wewe peke yako. Usibishane naye habari za pua na mashavu, hutashinda. Mwambie tu kwamba Zulhelmi aitwe tena akiwa mzima, kabla ya Ijumaa. Barua hii nampa Hafizah wa jirani, anasafiri kesho kurudi huko. Kwenye simu siwezi kusema lolote, Baba hukaa pembeni yangu akihesabu kila neno.

Msalimie wifi Rohana, wabusu watoto, na umpe pole mama mkwe wako kwa ugonjwa wake. Mama anakuombea kila swala, na Farhana amenituma nikuambie anakutegemea. Mungu awape afya na riziki ya heri, na awarudishe salama tuwaone.

Baba ameniona naandika, akasema nikufikishie salamu zake. Nimemwambia sizibebi, kama anazo akupigie mwenyewe. Amenuna, lakini atapiga. Kaa karibu na simu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Suhaila