Amplifaya ya Kigango na Trei Niliyoipepeta

Amplifaya ya kigango imeongea, Yustina! Imeongea, na aliyeitengeneza ni mimi mama yako, wa darasa la saba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Katekista alisema tu "moja, mbili, tatu," sauti ikatoka mpaka kule mashambani, mama mmoja aliyekuwa anapura maharage akaacha fimbo hewani akidhani misa imeanza katikati ya wiki.

Mwanangu mpendwa, hujambo huko Kabwe? Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia kwa sababu simu yangu ukiipokea unasema, "Nipo kazini mama, nitakupigia," na mimi nina neno refu, haliishi kwa simu ya haraka. Barua hii siifungi kwenye bahasha. Anaileta mama Kalista, jirani yetu anayekuja huko kununua samaki, migebuka, na nimemwambia aisome njiani. Basi likisimama Namanyere awasomee na abiria. Ukifika katikati utaona kwa nini.

Unaikumbuka meza yako hapa dirishani? Bado ipo. Kila asubuhi nafuta vumbi, upepo wa hapa Pito unavyojua kuleta vumbi, kisha nakaa kwenye stuli yako. Hapo ndipo uliponifundisha, mimi nachambua maharage, wewe unachambua redio za watu. "Mama, kapasita ni kama kindoo," ulisema. "Umeme ukija kwa kusukasuka kinajaa, ukipungua kinamwaga taratibu, ndiyo maana redio haikoromi." Mimi mjuaji nikashika tumbo la ile televisheni ya mwenyekiti, ikanirusha mpaka nikapiga kelele kwa Kifipa.

"Si nimeshachomoa waya!" nikasema.

"Waya umechomoa, mama, lakini kapasita bado imeshiba."

Ukacheka mpaka ukalala juu ya meza. Sijasikia mtu akicheka hivyo ndani ya nyumba hii tangu uondoke. Redio naiwasha tangu asubuhi, taarifa, matangazo ya vifo, mpira nisioujua, ili mradi kuwe na anayesema. Ugali bado napika wa watu wawili. Mkono umekataa kupunguza unga.

Lakini usidhani nimekaa kulia tu. Nimesoma daftari lako lote! Taa ya sola ya mama Kalista nimeitengeneza mimi. Mara ya kwanza dayodi niliigeuza, taa ikanyamaza kimya, nikakumbuka ulivyosema kwamba dayodi inaruhusu umeme upite upande mmoja tu, na kale kamstari mwilini ndiko kanakoonyesha upande wa kutokea. Nikaigeuza, taa ikawaka. Mama Kalista akasema, "Mama Yustina, umeacha kulima umekuwa daktari?" Nikamjibu, "Lima wewe, mimi nina wagonjwa." Sasa wananiletea. Hakuna mwanamke mwingine Pito nzima anayeletewa redio, na wakiniuliza, "Nani kakufundisha?" nasema binti yangu, yule yule mliyemcheka.

Sasa neno lenyewe.

Ile siku ya Kipaimara naikumbuka kuliko unavyofikiri. Asubuhi ulikuwa umebadilisha rezista moja ya amplifaya, ukaijaribu hapa nyumbani kwa sauti ndogo, ikakubali. Kanisani walipoifungulia sauti yote, kwanza ikanguruma, halafu harufu, halafu moshi mbele ya altare, watoto wamesimama na mishumaa yao. Wewe ulisimama pale mikono imening'inia. Mzee mmoja wa kamati akasema, bila hata kushusha sauti, "Tulisema kazi hii si ya msichana." Mwingine akaongeza, "Angeanza na pasi za nguo." Watu wakacheka, kanisani! Nyumbani ukaniambia, "Nilisoma rangi za rezista vibaya, mama." Na mimi, Mungu anisamehe, nikakujibu, "Basi ujifunze kuwa makini." Siku mbili baadaye ulipanda basi, ukaacha kila kitu mezani.

Hukusoma vibaya, Yustina. Ni mimi.

Jumamosi kabla ya Kipaimara jumuiya ilikuwa inasali kwetu. Nikataka nyumba ing'ae, mama wa fundi asionekane anaishi na takataka. Ile trei yako ya mayai uliyopangia rezista nikaiona imejaa vumbi. Nikazimimina zote kwenye ungo, nikazipepeta. Naam, nikazipepeta kama ulezi! Kisha nikazichambua kama tunavyochambua mbegu: zenye mwili wa bluu kwa za bluu, zenye mwili wa rangi ya maziwa kwa za maziwa. Nikazigawa kwenye mashimo sawasawa, nikajisifu moyoni kwamba binti atafurahi. Sikujua kwamba kila shimo lilikuwa na namba yake, na kwamba ukiwa na haraka mkono wako ulikuwa unaenda kwenye shimo bila kutazama, kama mimi ninavyojua chumvi iko wapi jikoni.

Nilikuja kujua msimu uliopita, tulipokuwa tunapanda mahindi. Nilikuwa najifunza kwenye daftari lako rangi za vile vimistari vya mwili wa rezista: nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu. Rangi mbili za mwanzo ni namba, ya tatu inasema uongeze sifuri ngapi. Nikachukua rezista kwenye shimo ulilokuwa umeliandikia elfu kumi. Kahawia, nyeusi, nyeusi. Nikahesabu mara tatu. Kumi! Kumi tupu, imekaa kwenye nyumba ya elfu kumi. Nikachukua ya pembeni yake, nayo si yake. Nikaketi chini. Kazi ya rezista ni kuubana umeme upite kidogo, na mimi nilikuwekea mkononi kitu kisichobana chochote.

Na bado sikukwambia. Mahindi yameota, yamebeba, tumeyavuna, nami nimenyamaza. Niliogopa. Niliona heri uwe mbali umenikasirikia kwa lile jibu langu tu kuliko ujue na kosa la trei, usirudi kabisa. Huo ndio ukweli, na si ukweli wa kujivunia.

Wiki iliyopita nikaenda kwa Katekista, nikamwambia nipe ile amplifaya iliyotupwa stoo. Akasema, "Mama, usije ukatuchomea kanisa." Nikamwambia, "Kanisa ni matofali, Katekista, litaungua nini?" Nikaifungua mezani kwako. Nikaiona rezista yenyewe imeungua, rangi moja tu imebaki inasomeka. Fyuzi ilikuwa imekatika, hiyo haina lawama, kazi yake ni kukatika umeme ukizidi. Transista mbili zilikuwa zimekufa. Ulinieleza transista ni kama koki ya bomba: kidole kidogo kinazungusha, maji mengi yanatoka. Sauti ndogo ya Katekista ndiyo kidole, umeme mwingi unaoenda kwenye spika ndiyo maji. Sasa umeme ulipokosa wa kuubana, koki zikafunguka kupita kiasi zikaungua. Nikatafuta transista zenye namba zile zile kwenye kopo lako, nikapima na mita, nikayeyusha risasi ya kulehemu, nikajichoma kidole, nikaweka. Rezista mpya niliisoma rangi kwa sauti, kahawia, nyeusi, chungwa, kama mtu anayesali rozari.

Ilipoongea, Katekista alinipigia makofi. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Nikageuka nikuambie, pembeni hapakuwa na mtu.

Sikuombi uache kazi yako. Nasikia wavuvi wa huko hawaingii ziwani bila wewe kuzigusa taa zao, na mimi hilo nimelitangaza mpaka mjini Sumbawanga. Naomba uje usikie kwa masikio yako. Jumuiya inasali tena hapa kwetu, na safari hii nimewaalika Katekista, kamati nzima ya kigango, na yule mzee wa pasi za nguo nimemfuata mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Amplifaya itakuwa uani. Nitashika kipaza sauti, nitasema kosa lilikuwa langu, Pito nzima isikie. Usipokuja nitasema vilevile, ila nitakuwa nasema huku natazama barabara.

Kamati wamekubali, majirani wamekubali, mama Kalista atarudi na basi la kutoka kwenu na amesema atakuwekea kiti. Uliyebaki ni wewe.

Ni mimi mama yako, mwenye kosa.

Sala ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi.