Wanataka Niseme Nilitema

Mama Nkatha mpendwa,

Nisaidie, lakini nakuambia mapema kwamba sikuandikii ili nilie. Nimesoma barua nyingi katika ukurasa wako, za watu wanaoficha jina na mtaa na hata idadi ya watoto, na mimi nakuomba usinifiche, mimi ni Ernestine, mke wa Bagalwa, ninakaa Fridley, Minnesota, huku Marekani, kwenye zile nyumba za ghorofa za zamani karibu na kiwanda ninapofanya kazi, na ninaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama ya kanisa letu la Wakongomani, au niseme nilikuwa ninaimba, maana tangu mwezi uliopita nimewekwa chini ya nidhamu na sababu yake ni divai.

Mwaka huu nilipata uraia na pasipoti, na jambo la kwanza nililofanya na ile pasipoti ni kwenda kumwona mdogo wangu Nabintu, ambaye tulipotezana mwaka 2004 tulipokimbia Bukavu, yeye akaangukia Ubelgiji na mimi nikaangukia huku kwenye theluji, na miaka yote hiyo tulikuwa tunasikiana kwenye simu tu. Nabintu akasema tusikutane nyumbani kwake, kwa sababu pale kuna mume na watoto na zamu za kazi, tutaongea saa ngapi, basi akatafuta tiketi za bei rahisi tukaenda Ureno, mji wa Porto, mahali ambapo hakuna mtu anayetujua. Mama Nkatha, safari zangu zote kabla ya hiyo zilikuwa za kukimbia au za kuhamishwa. Hiyo ilikuwa ya kwanza ya kutembea tu, na mimi ni mama mzima mwenye binti wa kuolewa.

Pale Porto kuna mto, na ukivuka daraja la chuma unafika upande wenye maghala ya divai yao, nayo inaitwa porto, divai nzito tena tamu, na kila ghala lina chumba cha kuonjea, unakaa mezani wanakuletea gilasi ndogo ndogo na kipande cha jibini. Nabintu ni Mkatoliki, yeye hana shida na gilasi. Mimi niliahidi siku ya ubatizo wangu kwamba sitakunywa pombe, na nilikuwa sijainywa tangu kambini Burundi, na niliingia ghala la kwanza nikijiambia ninamsindikiza mdogo wangu tu. Ndani kuna baridi na giza kidogo, mapipa yamelala kwa safu, na msichana aliyetuongoza alitueleza kwa Kifaransa kwamba zabibu zinakanyagwa kwa miguu, kisha wanamwaga pombe kali ndani ya divai ikiwa bado inachachuka, ndiyo inakatizwa njiani na sukari yake inabaki. Mezani kulikuwa na ndoo ndogo, ya wale wanaozunguka maghala mengi kwa siku moja, wanaonja halafu wanatema ili wasilewe. Hiyo ndoo ndiyo imekuja kunisumbua mpaka Minnesota.

Nilionja. Nikaonja nyeupe, nikaonja nyekundu, tukatoka tukavuka barabara tukaingia ghala lingine, na sikulewa, nilicheka tu, nilicheka vile nilivyokuwa ninacheka na Nabintu kabla ya vita, mpaka msichana wa pale naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Sasa kanisani kwetu mtu akirudi safari anasimama kutoa ushuhuda. Nikapewa kipaza sauti, nikamshukuru Mungu kwa ndege, kwa pasipoti, kwa mdogo wangu, akina mama wakapiga vigelegele, na kwa furaha yangu nikaendelea, nikaeleza maghala na mapipa na ndoo na gilasi, nikamshukuru Mungu kwa ile divai pia, nikasema abariki miguu ya watu waliozikanyaga zile zabibu. Mpiga ngoma alikuwa ameshapiga pigo moja la kunishangilia, akaacha mkono hewani.

Baada ya ibada Mchungaji Ildephonse akaniita ofisini, na alikuwa mpole, hilo siwezi kulikana.

“Maman Ernestine, wewe mwenyewe ulisema kulikuwa ndoo. Basi hakuna problème. Ulionja, ukatema. Useme ile siku ya ibada, dimanche, kwa mikro, tutaomba, mambo itaisha.”

“Pasteur, mi sikutema. Nilimeza.”

“Usinijibu mbio. Enda nyumbani uombe kwanza, utakumbuka muzuri.”

“Niliomba tayari. Nakumbuka muzuri. Nilimeza yote.”

Hapo upole ukaisha. Baraza la wazee likakaa, likaamua niseme nilitema, au nisimame nitubu ile safari yote kama dhambi, la sivyo nidhamu inaendelea. Na mwezi wa nane binti yangu Shekinah anafunga ndoa katika kanisa hilo hilo. Mama aliye chini ya nidhamu haingii na mtoto wake, hakai mbele, hashiki kipaza sauti kumbariki. Nitawekwa viti vya nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na watu waliokuja kula wali. Hilo ndilo linaloniuma, Mama Nkatha. Ile sauti ya kwanza wanaweza kumpa mwingine.

Na nyumbani sina mtu wa upande wangu. Bagalwa ananiambia, “Ernestine, kwa gilasi ya vino unataka kupoteza place yako kwa ndoa ya mtoto? Sema tu ulitema, Mungu anajua roho yako.” Nikamjibu, ndiyo, anaijua, ndiyo maana siwezi. Shekinah yeye alinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, “Mom, please, just say it,” akaenda chumbani akafunga mlango, na tangu siku hiyo tunaongea habari za maua na viti tu. Na ninawajua wazee wawili wa baraza hilo wanaoendesha gari mpaka Hopkins kununua bia ili wasikutane na sisi dukani, na nina hamu kubwa ya kuwataja.

Kuna jambo moja sikulisema kanisani. Katika ghala la mwisho walikuwa na divai za zamani zilizowekwa kwa miaka, kila mwaka na pipa lake, na Nabintu akamwuliza msichana wa pale kama wanayo ya 2004. Akaenda akarudi nayo, imeshageuka rangi ya asali iliyoungua, akamimina gilasi mbili ndogo. Nabintu akaniambia kwa jina la dada mkubwa, “Yaya, hii zabibu walivuna mwaka ile tulikimbia.” Tukaitazama. Tukamkumbuka mama yetu, aliyebaki njiani na hatujui wapi, siku zile nikiwa nimembeba Shekinah mgongoni. Halafu tukainywa polepole mpaka ikaisha, tumeshikana mikono kama wasichana.

Hiyo ndiyo wanataka niseme niliitema kwenye ndoo.

Sijuti na sitajuta. Lakini nataka kukaa mbele siku ya ndoa ya mtoto wangu. Niambie nifanye nini, na usiniambie niseme nilitema.

Ernestine, Fridley


Mama Shekinah,

Jina lako nimeliacha kama ulivyotaka, ingawa mhariri alinipigia simu kuuliza kama una akili timamu. Nikamwambia unazo kutuzidi sote hapa ofisini.

Pole kwa mama yako. Hilo nalisema kwanza kwa sababu naona katika barua yako hakuna aliyekupa pole, walikuwa wanahesabu gilasi.

Sasa wacha nikugombeze, umejileta mwenyewe. Ulisimama katika kanisa lisilokunywa, ukashika kipaza sauti, ukawaombea baraka waliokanyaga zabibu, halafu unashangaa ngoma imenyamaza? Ulitaka wakuitikie amina? Nimecheka mpaka chai ikanipalia, na mimi chai ndiyo pombe yangu, sinywi kitu kingine tangu niolewe. Ahadi ya ubatizo uliitoa mwenyewe, hakuna aliyekushika mkono. Umeivunja ukijua. Kanisa lina haki ya kukuuliza, na ukipewa miezi kadhaa bila kwaya, kaa hiyo miezi bila kununa kama msichana aliyenyimwa simu. Na wale wazee wawili na bia yao ya Hopkins waache huko huko. Ukiingia barazani na majina yao mdomoni, kesi itageuka kuwa ya umbea, na utakuwa umewapa njia ya kukimbia.

Lakini kusema ulitema? Hapana, mama. Katika hilo niko na wewe bega kwa bega. Usiseme dimanche, usiseme Jumatatu, usiseme hata ukiwa na homa.

Mchungaji Ildephonse, najua unanisoma, kwa sababu gazeti hili tunaliacha mlangoni mwa kanisa lako kila mwezi na halibaki hata moja. Una muumini aliyetaja kosa lake mbele ya watu wote, bila kuulizwa, akitabasamu. Unao wangapi wa namna hiyo? Na wewe unamwita ofisini umfundishe kudanganya, tena akadanganyie pale pale unapohubiri. Yeye alivunja ahadi yake kwa gilasi ndogo. Wewe unataka kuvunja yako kwa kipaza sauti. Nani kati yenu awekwe chini ya nidhamu? Jibu usinitumie mimi, nenda nalo barazani.

Na wewe Bagalwa, shemeji yangu, umesema Mungu anajua roho ya mke wako. Vizuri. Wewe je? Tangu arudi umemwuliza alicheka nini huko Porto? Kaa naye umwulize. Mtu amekaa miaka mingi bila dada yake, amerudi anacheka, na nyumba nzima inazungumza habari ya ndoo.

Mama Shekinah, rudi hapa, sijamaliza na wewe. Kosa lako kubwa umeliandika bila kuliona. Ile gilasi ya 2004 umenisimulia mimi, mwanamke wa Meru ambaye hujawahi kumtia machoni, na binti yako hujamwambia. Shekinah anadhani mama yake anagombania divai. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Yule mtoto alikuwa kwenye barabara ile ile. Aliyebaki njiani alikuwa bibi yake. Mnapanga maua na viti huku kila mmoja amebeba kilio chake kimya kimya, na harusi iko karibu.

Basi fanya hivi. Wiki hii, kabla ya kukanyaga kanisani tena, mpikie Shekinah sombe, kile kisamvu chenu, mkae mezani, simu ziwe mbali. Mweleze yote kwa Kiswahili, na akikujibu kwa Kiingereza usimkatize, anaelewa kila neno. Mpigie Nabintu mbele yake, naye aseme yake. Usimwombe mtoto achague upande. Ukimaliza, mwulize anataka mama yake asimame wapi siku hiyo, halafu unyamaze usikilize, maana katika barua yako yote sikuona mahali ulipomwuliza.

Kisha nenda barazani na Bagalwa akiwa kando yako. Sema maneno machache tu. Niliahidi nikavunja, kwa hilo naomba msamaha. Nilimeza. Safari ya kumwona mdogo wangu sitaitubu. Basi, keti. Usieleze mapipa. Kwa jina la Mungu, usirudie tena ile miguu. Toba ya kitu usichokijutia usiitoe hata wakikusihi kwa machozi, kwa sababu kesho watakuomba nyingine.

Mwalike na Nabintu mapema, akate tiketi kabla hazijapanda. Mkatoliki au si Mkatoliki, mama mdogo wa bibi arusi ana kiti chake.

Baraza likiwa na busara, utakaa mbele. Likikosa busara, usihame kanisa kwa hasira na usijifungie nyumbani. Vaa kitenge ulichoshonewa, funga kilemba kirefu kuliko cha mama mkwe, mshike mdogo wako mkono, mkakae viti vya nyuma kabisa walivyowapangia, karibu na mlango. Bibi arusi haingilii madhabahuni, Mama Shekinah. Anaingilia mlango huo huo, na siku hiyo mtu wa kwanza atakayemwona ni wewe.

Nkatha