Taa ya Zahanati na Samadi ya Bizimana

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Kahawa nimeigeuza asubuhi na mchana. Inakauka vizuri. Mgongo unauma kama kawaida.

Jioni nikashuka zahanati kuangalia mtambo wa gesi. Shimo limejengewa kwa matofali hadi juu, limefunikwa kuba kama chungu kilichopinduliwa. Fundi wa kampuni kutoka mjini alinizungusha. Ni kijana mwenye adabu, ila anaongea haraka. Kanuni yenyewe si ngumu. Samadi mbichi ya ng'ombe inakorogwa na maji, inaingia shimoni, inachacha bila hewa. Mvuke unaopanda unawaka. Bomba linaupeleka kwenye taa na kwenye jokofu la chanjo. Kinachobaki kinatokea upande wa pili, kizito kama uji, nacho bado ni mbolea. Gesi inachukua moto tu. Rutuba haiendi nayo. Hili nitalieleza mara nyingi, naliona linakuja.

Nesi Adela anahesabu siku. Amezalisha watu kwa kibatari tangu alipoletwa hapa.

Jumamosi, 8 Agosti 1992

Kwa mzee Kalumuna, orubisi mpya, pombe yetu ya ndizi. Watu wengi, na mazungumzo yote ni kampuni.

Kalumuna hataki. Anasema umeme ni kazi ya serikali, na nguzo zimesimama mbali huko kwa sababu serikali imechoka, sasa inatuachia wafanyabiashara. Kampuni ikishajenga bure itarudi kudai kitu, na siku hiyo hatutakuwa na wa kumlalamikia. Hoja si mbaya. Nilimjibu kwamba tumengoja nguzo tangu tuko vijana, na mama anayejifungua hawezi kungoja nasi.

Akacheka hadi mrija ukamtoka mdomoni. "Mwalimu, tangu lini mavi yakawa sera ya taifa?"

Mwingine akadakia kwamba mimi nataka balbu nione vizuri maharage ninayokula. Nikamwambia maharage ya mke wangu Koku ni bora yaliwe gizani. Walifurahi. Koku akiyasikia haya nitalala njaa.

Hakuna aliyebadili mawazo. Wanaopenda mtambo wameondoka wakiupenda zaidi, na wasioupenda vivyo hivyo.

Jumanne, 11 Agosti 1992

Halmashauri ya kijiji imekaa. Imepitishwa: kila ng'ombe aliyeko kijijini, samadi yake ya asubuhi iende zahanati. Nilinyoosha mkono kuunga. Wenye ng'ombe wote waliunga, hata Kalumuna, maana mwenyekiti alimwangalia.

Jioni akaja Bizimana. Huyu alizaliwa hapa, wazazi walitoka Burundi. Anachunga ng'ombe wawili wa Kalumuna na mmoja wangu, wote wanalala kwake. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi.

"Shikamoo Mwalimu. Nasikia mavi yangu yamepata kazi serikalini."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Niandike sawasawa jambo lenyewe. Huku kwetu ukimpa mtu ng'ombe akutunzie, ndama ni wako, maziwa mnagawana, samadi ni ya anayetunza. Ndiyo malipo yake hasa. Mwaka jana kijiji kilimpa Bizimana kipande cha rweya, ule uwanda wa nyasi nyuma ya mlima, ambao udongo wake hauna kitu. Masharti: mvua za Novemba zikute migomba imesimama hai, ndipo kiwe kibanja chake, shamba lake la kudumu. La sivyo kinarudi kuwa malisho ya wote. Migomba rweyani bila samadi haifiki popote. Kila mtu hapa anajua.

Kwa hiyo tumepitisha kugawa kitu ambacho si chetu. Ndivyo ilivyo. Wenye ng'ombe waliunga haraka kwa kuwa hakikuwatoka wao.

Nikamweleza kuhusu ule uji unaobaki. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza unarudi kwa nani. Sheria haikusema. Nikamwambia nitauliza.

Jumapili, 16 Agosti 1992

Baada ya ibada nje ya kanisa, nusu saa ya kelele. Wakatoliki waliokuwa wanatoka misa yao wakasimama kusikiliza, kisha wakajiunga.

Nilipendekeza uji wa mtambo urudi kwa wanaoleta samadi. Kalumuna akasema hayo ni mavi yaliyochemshwa, nguvu imekwisha, ukiyaweka kwenye mgomba unaupa maiti. Akina mama walicheka mpaka kushikana. Nikaeleza tena habari ya gesi na rutuba. Nilitumia mfano wa chungu cha ndizi: mvuke ukitoka, ndizi zimebaki chunguni. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, hicho chungu chako ukitupikia hatuli."

Mwenyekiti akamaliza mjadala. Kampuni inataka uji wote uende shamba la kahawa la kijiji, wageni wake wapate kuona na kupiga picha. Imo kwenye makubaliano. Nani aliyasoma? Tuliyasikia yakisomwa. Si sawa na kuyasoma.

Nilipita kwa Bizimana kumpa jibu. Alikuwa anakata majani ya kufunika mashina ya migomba. Migomba imefika kiunoni, majani ya chini ya njano. Alisema tu, "Asante kwa kuuliza." Hilo liliniudhi kuliko kama angenitukana.

Jumamosi, 5 Septemba 1992

Taa imewaka zahanati. Nyeupe, inavuma kidogo kama nyuki walioko mbali. Nesi Adela alizima, akawasha, akazima, akawasha. Nilifurahi sana. Sina haja ya kulipunguza.

Kalumuna alikuja pia. Alikaa mlangoni, akaitazama muda mrefu, akasema inavuta wadudu.

Alhamisi, 10 Septemba 1992

Mtoto wa kwanza kuzaliwa kwenye taa. Msichana. Mama yake alianza kutokwa na damu na Nesi akaona mapema inatoka wapi. Aliniambia hivyo mara mbili.

Majirani wameanza kusema nilikuwa sahihi. Ni kweli kuhusu taa.

Jumatatu, 21 Septemba 1992

Taa inafifia. Jokofu limezimika. Nesi amerudisha chanjo wilayani kwa baiskeli kabla hazijaharibika.

Mvua za kwanza zimegusa upande wa Nyakakika, nasikia. Kwetu bado. Bizimana amepoteza migomba miwili pembeni.

Jumatatu, 28 Septemba 1992

Hakuna gesi kabisa.

Kwenye ununuzi wa kahawa leo watu karibu washikane mashati. Upande mmoja: kampuni ni wezi, wamepiga picha wakaondoka, mjini wataonyesha taa inawaka na hakuna atakayejua imezimika. Upande mwingine: kijiji ni wavivu, hawaleti samadi. Kijana mmoja amesema mashine zote za kizungu zinakataa mavi ya Mwafrika, na akapigiwa makofi. Nikajaribu kueleza kwamba hatujui bado kilichotokea. Msimamo huo hauna mashabiki. Kila mmoja ameshachagua wa kumlaumu, na chombo chenyewe hakuna aliyekifungua.

Kalumuna alikuwa na raha. "Si nilisema? Si nilisema?" Kusema alisema. Lakini alisema wangerudi kudai kitu, na kumbe hawarudi hata kidogo.

Ijumaa, 2 Oktoba 1992

Fundi amerudi baada ya mwenyekiti kumfuata mwenyewe mjini. Akafungua kifuniko. Juu ya uji limelala tabaka la nyasi, gumu kama mkeka, gesi imebanwa chini yake na bomba limeziba.

Nyasi zimetoka wapi? Kwetu wote. Sisi hatuzoi samadi peke yake. Ng'ombe analala juu ya nyasi, asubuhi unakomba vyote pamoja, na vyote vinaenda kwenye migomba. Samadi tupu tunaamini inaunguza mizizi. Anayeleta samadi bila nyasi anaonekana amepunja. Kwa hiyo watu walijitahidi: wengine waliongeza nyasi, zahanati ipate kitu kizuri. Fundi alituambia samadi mbichi, tukaitikia, tukaleta tunayoijua. Mimi mwenyewe niliona vikapu vikipita mbele ya nyumba yangu na nikaona viko sawa.

Fundi akainua mikono. Kampuni haitoi nyasi. Lazima shimo lote litolewe kwa mikono, na makubaliano yanasema hiyo ni kazi ya kijiji. Ameondoka kabla ya chakula.

Jumapili, 4 Oktoba 1992

Mkutano uwanjani. Mwenyekiti akauliza nani atalikomba shimo. Harufu yake inafika barabarani.

Bizimana akasimama. Atatoa yote, peke yake na mkewe. Anataka mambo mawili. Atakachotoa kiwe chake, kiende rweyani. Na samadi ya ng'ombe anaowatunza irudi kwake.

Hapo ndipo niliwaona watu wa kijiji changu. Mavi yaliyochemshwa, maiti ya mbolea, kitu ambacho hakuna aliyekitaka tangu Agosti, ghafla kila mtu ana haki nacho. Mmoja akasema ni mali ya umma. Mwingine akasema kiuzwe. Mwingine akataka kigawanywe kwa kaya. Mtu aliyekuja hapa juzi na baba yake, akasema mwingine, atachukuaje mali ya kijiji? Huyo aliyesema hivyo, baba yake alitoka Bukoba. Sikulitaja, lakini watu wawili walilitaja.

Nesi Adela akapanda juu ya jiwe. "Wazee wangu, mimi nataka taa. Anayetaka kugawana hicho kitu aje kesho na ndoo yake, nitamwonyesha pa kuanzia." Hilo la kwanza likapita.

La pili wakalikataa. Sheria imeshapitishwa, alisema mwenyekiti.

Nikasimama. Nilitaka kueleza mengi, nikajizuia. Nikasema halmashauri inaweza kutoa samadi yake, lakini haina ng'ombe hata mmoja. Sisi wenye ng'ombe hatukuweza kuitoa kwa sababu si yetu. Anayetunza ndiye mwenyewe. Kijiji kikiitaka kimwombe yeye, na yeye anaweza kukataa.

Kelele. Mwenyekiti akasema mila haziwashi taa. Watu wakapiga makofi, na nikajua nimeshindwa.

Kalumuna akainuka polepole. Nilitegemea dhihaka. Akasema: "Mimi kibanja changu kilisimama kwa ng'ombe za watu. Baba wa Mwalimu huyu alinipa mmoja, hakuniuliza mavi yanaenda wapi. Anayetaka kuchukua ya Bizimana aanze na yangu, aje ang'oe migomba." Kisha akakaa. Halafu akasimama tena: "Na taa sijaipenda."

Ikapita. Samadi ya ng'ombe wa kutunziwa ni ya anayetunza. Wenye zizi nyumbani kwao ndio watakaolisha mtambo, na iwe bila nyasi. Walionyoosha mikono haraka Agosti, leo mikono ilikuwa mizito.

Nikamsindikiza Kalumuna hadi njia panda.

Alhamisi, 8 Oktoba 1992

Bizimana na mkewe wamemaliza shimo. Walifunga vitambaa puani. Walibeba kwa vikapu, kichwani, kupanda mlima. Koku amewapelekea ndizi na maharage, amerudi akasema hawezi kula leo.

Mvua imeanza mchana. Nzito.

Ijumaa, 23 Oktoba 1992

Taa imerudi, ila kwa kiasi. Jokofu haliwezi kubebwa na gesi iliyopo. Wenye zizi nyumbani ni wachache. Nesi anawasha kwa wanaojifungua tu. Anasema inatosha. Mimi naona haitoshi, lakini ndicho kilichopatikana bila kumnyang'anya mtu.

Kampuni haijajibu. Kwa Kalumuna mjadala unaendelea kama kawaida: serikali, kampuni, nguzo, nani alisema nini. Sasa wameongeza vyama vingi vya siasa. Nilikaa kidogo, nikarudi kupumzisha mgongo.

Alhamisi, 19 Novemba 1992

Wazee wa ardhi wamekagua rweya ya Bizimana, nami nikiwa mmoja wao. Sikulala vizuri usiku uliopita. Niliogopa, wacha niseme. Kama migomba ingekuwa imekufa ningelazimika kuandika imekufa.

Haikuwa mizuri. Mmoja wetu alisema ni mifupi, mwingine akasema ya pembeni imekufa, akaihesabu kama kosa. Tukapiga magoti tukafukua majani chini ya shina moja. Udongo mweusi, minyoo, na chipukizi nene limetokea. Tukafukua la pili, la tatu. Hai.

Mkubwa wetu akajipangusa magoti. "Kibanja," alisema. Basi. Mke wa Bizimana akatugeuzia mgongo, akajifuta macho.

Jumamosi, 21 Novemba 1992

Manyunyu tangu asubuhi. Kahawa ya mwisho imeshauzwa, sina cha kugeuza.

Nikaenda rweyani kupanda mipaka. Huku kwetu mpaka wa kibanja ni mmea, mlamula, tawi lake likichomekwa ardhini linaota, na haling'olewi. Lazima jirani awepo kushuhudia. Bizimana hana jirani upande ule, ni nyasi tu, basi nimekuwa jirani.

Nilishika tawi lisimame wima, yeye akafukia. Mikono yake bado inanuka samadi. Akakanyaga udongo kwa kisigino, akasogea nyuma kidogo, akaangalia kama limenyooka, kisha akachukua jembe akaenda pembe ya pili.