Kaberne Iliyongojwa

Jumapili, 14 Septemba

Leo ni miaka thelathini na nne tangu nivuke mpaka na begi moja na atlasi ya shule. Kila mwaka tarehe hii huandika kwa huzuni, kwa mwandiko mzuri. Leo siwezi. Mama Pipa amekubali!

Taratibu, Mwalimu. Anza mwanzo.

Mama Pipa ndiye mwenye shamba tangu baba yake afariki. Jina hilo tulimpa zamani, alipokuwa mtoto wa kujificha ndani ya mapipa matupu na kutoka akinuka kama mlevi wa siku tatu. Sasa amesomea mvinyo na pua yake haidanganyiki. Leo mchana alituita ghalani, mimi na Breki dereva wa trekta, akafungua chupa ya mwaka ule lori lilipokatika ekseli.

Bonde hili lote lina desturi moja. Wachumaji huja kwa lori, huchuma melo, zabibu ya Merlot, na kwa kuwa lori ni hilo hilo na lina safari nyingine, huchuma na kaberne papo hapo. Cabernet Sauvignon, kwa jina lake la kwenye chupa. Sasa, melo huiva mapema, laini, haina makuu. Kaberne ni mzito wa kuamka: huchipua mwisho, huiva mwisho. Kwa hiyo kila mwaka twaichuma mbichi, mvinyo unatoka na harufu ya pilipili hoho, na watu wanasema kwa fahari kabisa: hiyo ndiyo ladha ya udongo wetu! Udongo umesingiziwa kizazi kizima.

Mwaka wa ekseli, lori lilichelewa wiki kadhaa na kaberne ikabaki mtini. Marehemu baba yake Mama Pipa akatengeneza pipa moja tu, akaliita ajali.

Leo tumeionja ajali. Kwanza matunda meusi yaliyoiva. Halafu penseli iliyochongwa sasa hivi — nikaliona darasa langu la kwanza, na vumbi la chaki! Halafu tumbaku kavu. Ukakasi upo, lakini umetulia kama mzee aliyepewa kiti. Hoho? Hata chembe. Breki, ambaye husema mvinyo wote ni siki iliyovaa suti, alinyoosha glasi tena bila kukaribishwa.

"Mteremko wa juu," Mama Pipa akaniambia, "mwaka huu hauguswi mpaka uive. Pipa lake peke yake, bila kuchanganya na melo."

Mteremko wa juu! Niliupanda mwenyewe mwaka wangu wa kwanza hapa, nikiamini nitakuwa nimeondoka kabla haujazaa.

Jambo moja linanikwaruza. Mwezi wa Juni nilimwahidi Dada kwamba Oktoba nne nitapanda ndege kurudi nyumbani moja kwa moja. Nyumba ya wazazi, tuliyonyang'anywa, imerudishwa hatimaye, na chumba changu kinapakwa rangi. Nilipoahidi sikujua haya.

Jumatano, 17 Septemba

Lori limeondoka. Msimamizi wa wachumaji alisimama chini ya mteremko, mikono kiunoni, akitazama vichala vyetu vyeusi vikining'inia.

"Mzee, hizi utachuma na nani? Na ndege?"

Nikamwambia ndege nao wana mikono mepesi kuliko baadhi ya watu wake. Akacheka, akanipa mkono. Honi ndefu. Vumbi. Kisha kimya ambacho sijawahi kukisikia hapa mwezi wa Septemba, na zabibu bado ziko mtini! Nilitembea mistari yote kama mwenye harusi.

Dada akapiga simu. Rangi imekauka. Kitanda kimeletwa, kikagoma kupita mlangoni, fundi akakikata miguu. "Utalala chini kidogo, lakini wewe si mrefu."

Nikamwuliza fundi amelipwa kiasi gani, habari ya zabibu nikaiacha.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeonja kila mstari wa tano. Tunda la kaberne ni dogo, ganda nene, mbegu kubwa: karibu yote ni ngozi na mifupa. Ndiyo maana mvinyo wake una rangi na nguvu. Ganda bado linakausha ulimi. Mbegu kijani. Sukari ipo, kipimo cha Mama Pipa kinasema tuko karibu, lakini yeye mwenyewe anatikisa kichwa. "Utamu unatangulia mbio, ladha inakuja kwa miguu."

Oktoba nne haitoshi. Hata kwa hesabu ya huruma.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemwambia Dada. Nilijifungia stoo ya kreti ili Breki asisikie. Alisikia.

"Zabibu," Dada akasema.

Ndiyo, Dada.

"Mimi miaka yote hii nikajua kuna mwanamke huko. Nikasema, haya, ni mwanamume, acha. Ungeniambia ni mwanamke ningekuelewa! Zabibu?"

Nikamweleza. Lori, hoho, ganda, mbegu. Alinisikiliza vizuri, kama alivyokuwa akisikiliza mashairi yangu nikiwa mdogo: kwa subira ya mtu anayemenya viazi. Halafu akauliza, sauti imeshuka, kama najua nyumba ile ina vyumba vingapi. Sita. "Basi nalala katika kimoja, mdogo wangu. Vitano vinanitazama."

Akakata simu.

Breki, kutoka nje ya mlango: "Mzee, dada yako angekuwa dereva mzuri. Hapunguzi mwendo kwenye kona."

Jumatatu, 29 Septemba

Mvua. Haikuwa kwenye utabiri. Ilianza alfajiri, nikatoka na viatu visivyofanana. Mama Pipa alikuwa ameshafika, kofia ya mvua kichwani, anahesabu mawingu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Tukichuma leo tunaokoa hoho," akasema. "Tukingoja, ama tunapata ile chupa ama tunapata ukungu." Alikuwa ananiuliza kweli. Nikajibu kweli: sijui.

Tukangoja.

Saa tano mvua ikakatika na upepo ukashuka kutoka mlimani. Ee upepo mtamu! Vichala vya kaberne havijabanana, hewa inapita katikati, na lile ganda nene, lile lile linalotuchelewesha, halikupasuka. Melo ingekuwa uji. Chini kabisa mistari miwili imeharibika. Nimeikata na kuitupa. Iliyobaki ilikauka mbele ya macho yetu. Breki alipiga ngoma kwenye bati la trekta.

Ijumaa, 3 Oktoba

Ujumbe wa Dada, mfupi kama tangazo la kituo cha basi: "Tiketi yako nimeisogeza, Jumapili tarehe 12. Nami nimekata yangu. Nakuja kukushika sikio."

Miaka sabini na sita! Hajawahi kupanda ndege maishani mwake.

Nimefua mashuka yote. Nimemwomba Mama Pipa kochi.

Jumapili, 5 Oktoba

Mbegu ni kahawia!

Nimeitafuna, imevunjika kama karanga iliyokaangwa. Ganda limelainika, limeacha rangi kwenye kidole. Na ladha — nikasimama mstarini kama mwizi aliyemulikwa. Ile penseli bado haipo, hiyo ni kazi ya miaka na pipa. Lakini hoho imekwenda. Imekwenda kabisa! Nilikula zaidi ya mwonjaji mwaminifu.

Nilitaka tungoje hadi Ijumaa. Mama Pipa akasema Jumanne: mvua kubwa iko njiani, na tunda likizidi kuiva linakuwa jamu, linasahau lilikuwa nani. Tukabishana kwa raha, tukiwa tumekaa juu ya kreti. Akanikumbusha kwamba kaberne ni mtoto wa zabibu nyekundu na zabibu nyeupe, waliokutana shambani bila mtu kupanga ndoa. "Haina ukoo wa kifalme, Mwalimu. Tusiibembeleze kupita kiasi."

Jumanne.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku gani hii! Niandike yote.

Wachumaji hatuna, basi tulichuma sisi: Mama Pipa, Breki na mke wake, mwuza duka, fundi wa mapipa na wanawe. Ukungu mwepesi, mikasi inalia ti, ti, ti. Kreti ya kwanza nilibeba mwenyewe, wakanizomea kwamba nitavunjika.

Saa nne teksi ikasimama chini ya mteremko. Akashuka mwanamke mfupi, viatu vyeupe, mkoba umebanwa kwapani. Akauangalia mteremko. Akaniangalia mimi.

Nilimwacha ana nywele nyeusi. Niliweka kreti chini. Yeye akaita.

"Kitindamimba! Huo ndio mgongo unaotaka kuuvunja makusudi?"

Watu wote wakageuka. Kitindamimba! Nina miaka sabini na moja, bonde zima linaniita Mwalimu. Breki alilazimika kukaa chini kwa kicheko.

Nilishuka nikikimbia, na magoti yangu yanajua. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku kama anayechagua tikiti sokoni. "Umekuwa baba," akasema. Marehemu baba yetu, alimaanisha. Kisha tukalia, tukamaliza, akapenga, akaomba kuonyeshwa huyo wifi yake.

Nikampa kichala. Akala tunda moja, akatema ganda. Akala la pili, hakutema. "Mbegu nyingi," akasema. "Lakini si mjinga." Mama Pipa akamletea mkasi na mabuti. Nusu saa baadaye alikuwa anamkaripia mwuza duka kwa kuacha majani kwenye kreti.

Tukamaliza kabla ya jua kushuka. Tangi moja, limejaa!

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua ya mafuriko tangu asubuhi. Mama Pipa alinitazama kupitia dirishani, akainua kikombe chake cha chai. Nikavua kofia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Limeamka! Tangi linachacha. Maganda yamepanda juu yakafanya kofia nene, na ni lazima tuizamishe kwa mti mara tatu kwa siku, la sivyo rangi na nguvu zitabaki juu na mvinyo utakuwa maji mekundu. Joto linatoka kama kutoka kwa mnyama. Nilimleta Dada asikie. Akaweka sikio kwenye mbao.

"Linanong'ona."

Linasema nini?

"Linasema twende nyumbani." Akacheka, mimi nikacheka kidogo.

Akamwuliza Mama Pipa itanyweka lini. Mwaka na nusu kwenye pipa la mwaloni, akajibiwa, halafu chupani, na kaberne kama hii isiguswe kabla ya miaka minane, kumi ni bora. Dada akanihesabu kwa macho.

"Huyu? Kumi?"

"Mvinyo hauulizi umri wa mtu," akasema Mama Pipa.

"Mimi nauliza."

Baadaye, tukiosha vyombo chumbani kwangu, alinieleza nyumba yetu. Dirisha la mbele limezibwa matofali, wale waliokaa walitoboa jingine upande wa barabara. Ule mtaa sasa ni maduka ya vipuri. Majirani hakuna hata mmoja wa zamani. Alisema bila kulalamika, kwa ukweli, kwa kuwa hajui kusema vingine. Nami nilikuwa napangusa sahani ile ile, nikiona kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa nikitembea kila siku katika nyumba ambayo dirisha lake la mbele liko wazi. Hiyo siwezi kuifikia kwa ndege.

Nikamwambia: kaa hapa, Dada. Akasema, "Nimelala kwa watu miaka thelathini na mitatu nikiingojea nyumba ile. Leo niiache na funguo ziko mkobani?" Ana haki. Ana haki yote. Ndilo tatizo lenyewe.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya ngazi ya tangi, vidole vimekuwa zambarau na karatasi nayo.

Kofia imepanda kuliko jana. Nimeonja kwa kijiko: bado ni mtoto mkali, ukakasi umenishika mashavu, lakini nyuma yake, mbali sana — ndiyo! Nimemwita Mama Pipa aonje kama najidanganya. Ameonja, amefumba macho, amenipiga bega mpaka kijiko kikaanguka.

Nje teksi imefika. Namsikia Dada akimfundisha Breki namna ya kupanga masanduku. Ni mawili. Langu alilifunga mwenyewe jana, atlasi ameiweka juu ili isikunjike. Breki anamwuliza kama sanduku la Mwalimu nalo liingie. "Kwani nimelibeba kwa maonyesho?" Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Anaoga?"

"Yuko kwenye tangi, mama."

Viatu vyake vyeupe vinakuja juu ya changarawe, polepole, havina haraka kabisa. Amesimama mlangoni. Hakuingia. Anaitazama mikono yangu.

"Nani atazamisha hiyo kesho?" ameuliza.

Hajakasirika. Anauliza tu, mkoba kwapani, na dereva anapiga honi. Nimemwomba dakika moja, nimalize mstari huu, kisha nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe, nikimtazama usoni.

Sitarudi nawe, Dada.