Mteremko wa Kivuko cha Reli

Jumapili, mwaka wangu wa arobaini mbali na Waithaka

Mpendwa Wanjiru,

Nyanya yako amepona kifua na anakusalimu. Unauliza kama ufurahie kuwa kivuko cha reli karibu na nyumba ya mama yako huko Waithaka kitajengwa upya.

Kwetu pia, nilipokuwa bado huko, watu wa reli walikuja kuinua barabara ilingane na reli, magurudumu ya magari yasinase. Mpimaji alimpa mama yangu ncha ya utepe.

“Mama, simama hapo jikoni, usisonge!”

“Kwani unanipima rinda?” Mama akacheka.

Kigingi cha mwisho wa mteremko kilipigiliwa pale pale aliposimama. Kivuko kilitoka kizuri kweli. Mteremko wake ndio uliofunika nyumba yetu.

Waulize mteremko huu utaishia wapi. Kisha nenda ukaviangalie vigingi mwenyewe, kwa maana mimi sitarudi huko.

Babu yako, Guka