Springi za Fumie na Mgongo Wangu

Mpendwa mshauri wa ukurasa wa magari,

Nimekuwa nikikusoma kila Jumamosi kwa miaka mingi na sikuwahi kudhani nitakuandikia, maana gari nililolijua mimi lilikuwa basi la mji, na basi likiharibika unapiga simu gereji unangoja, lakini sasa naomba unisaidie kuamua kuhusu shokapu, na kuhusu jambo jingine lililojificha nyuma ya shokapu.

Mke wangu Fumie alifariki mwaka juzi hapa Yonezawa, theluji ikiwa imeanza kudondoka kutoka mapaani, akaniachia Integra nyeupe ya milango miwili. Pengine umewahi kumwona bila kujua jina lake, yule mama mfupi mwenye glavu za bustani, kwenye mashindano ya koni kule juu kwenye maegesho ya kituo cha kuteleza thelujini, ambako majira ya joto wanapanga koni na magari yanatoka moja moja kushindana na saa. Alikuwa mpishi wa shule, alianza mashindano mtoto wetu alipokwisha kuoa, na vijana waliomcheka mwanzoni walikuja baadaye kumwomba awafundishe kugeuza gari kwa breki ya mkono. Nasema haya kwa majivuno na sioni haya.

Mimi sikushindana hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha kushoto. Siku za mazoezi wanaruhusu abiria, basi kila tulipomaliza mzunguko Fumie alizima injini akaniuliza, "Wapi?" nami namwambia palipogonga mgongo, maana uti wangu wa mgongo uliharibiwa na kiti cha basi, namwambia pale baada ya koni ya pili, au namwambia safari hii hapakugonga popote, naye anaitikia kwa kichwa, anatoka, anainama kwenye tairi, anazungusha kile kitufe cha kulegeza na kukaza shokapu, tik, tik, kisha anarudi kunimiminia chai ya shayiri kwenye kifuniko cha chupa. Nilijua ananihurumia. Na kabla ya kwenda kwenye mstari alikuwa na tabia ya kuweka kiganja juu ya madigadi ya mbele, anakandamiza mara moja, gari linashuka, linapanda, linatulia, ndipo anavaa kofia.

Juzi nilikandamiza mimi mahali pale pale, gari likashuka, likapanda, likashuka tena, likaendelea kuyumba kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikachungulia chini nikaona oili imetambaa kwenye shokapu zote mbili za mbele. Vitufe sijavigusa tangu alipoviacha. Gari naliosha kila Jumapili, ila oili ile sikuifuta.

Nikaenda kwa fundi Funayama, ambaye Fumie alimwamini. Akaniambia, "Mzee, ukaguzi wa serikali ni Septemba, na shokapu inayovuja haipiti. Chagua. Nikufungie za kawaida kama za kiwandani, au tununue seti mpya ya koilova za kushindania, shokapu na springi zikiwa kitu kimoja, au hizi tuzipeleke kwa waliozitengeneza wazifungue wabadilishe oili na sili zinazoizuia isivuje."

Mjukuu wangu Kanna alikuwepo, yeye ndiye anayetaka kuendesha gari hilo kwenye mashindano ya vuli, na anaendesha vizuri kuliko ninavyopenda kumwambia. Alikuwa ameshachagua, seti ya rangi ya dhahabu, fupi, springi ngumu, gari likalale chini.

"Babu, nampenda bibi, lakini springi zake ni laini mno. Alikuwa anaendesha sofa."

"Sofa hilo lilikushinda wewe mwaka gani vile?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nimepata leseni juzi tu, babu."

"Na yeye alikuwa na miaka sitini na mitatu."

Funayama akacheka mpaka akaweka spana chini. Kanna naye akacheka, halafu akanishika mkono akasema, "Nataka gari la bibi lishinde, babu. Sitaki watu waje kuliangalia kama picha iliyowekewa maua."

Na hili sasa ndilo linaloniuma. Siku ya kumbukumbu ya Fumie alikuja Nihei, mzee wa klabu, mpinzani wake wa siku zote, akanywa kidogo, akaniambia mbele ya wageni, "Wakui, wewe ndiye uliyemnyima Fumie kombe la mkoa. Angebaki na zile springi ngumu angelichukua. Lakini mke gani atafunga springi ngumu na mume anagumia kwa maumivu kama mlango usiotiwa mafuta?" Watu wakacheka, nami nikacheka, maana Nihei ndivyo alivyo, tena alilia kuliko wote kwenye mazishi. Lakini usiku ule na kila usiku uliofuata nimekuwa nikikumbuka.

Ni kweli kulikuwa na springi ngumu. Fainali ya mkoa mwaka ule ilikuwa kule kule juu, Fumie akafunga springi ngumu kama walivyofunga wanaume wote, akawa wa pili nyuma ya Nihei kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya, na tulipokuwa tunashuka mlima kurudi nyumbani, na wewe unajua lami ya kule ilivyopasuliwa na barafu, niligumia kwa maumivu njia nzima. Tulipofika akanitazama akasema, "Asante kwa kugumia." Nikadhani ni utani. Kesho yake akazivua zile ngumu, akazisukuma stoo chini ya kinu cha kutwangia mochi, zile keki za wali, akarudisha laini, na hakuzigusa tena. Baada ya hapo alishinda mara nyingi pale pale juu, hata Nihei mwenyewe alishindwa naye misimu miwili, lakini fainali ya mkoa ilihamishiwa mbali na Fumie hakuwa na likizo ya kwenda.

Sasa nakuuliza, mshauri. Je, mke wangu aliacha ubingwa kwa ajili ya mgongo wangu? Kama ndivyo, basi ni haki Kanna afunge seti yake ngumu, na mimi nikae nyumbani, gari lipate hatimaye kile ambacho lilinyimwa. Lakini nikifikiria fundi anazitoa shokapu alizoziweka kwa mikono yake, naona kama nazima taa ya mwisho chumbani. Unielekeze. Nitafuata utakalosema.

Wakui Tokuji, Yonezawa

*

Mzee Wakui,

Pole kwa kufiwa. Mama mwenye glavu za bustani namkumbuka. Nilisimama kwenye uzio ule mara moja nikila konyaku ya moto, ile jeli ya viazi, akapita na gari, na mtu aliyekuwa karibu yangu akasahau kutafuna.

Sasa nikugombeze kidogo, kisha tutengeneze gari.

Wewe umeendesha abiria miaka yote hiyo, na unamruhusu mjukuu wako asogelee usukani wa gari lenye shokapu zilizokufa? Shokapu isiyo na oili haiizuii springi. Atafunga breki barabarani, pua itaruka, tairi litaiacha lami, na hapo hatakuwa kwenye koni, atakuwa kwenye kona ya mlima na lori linakuja. Gari lisitoke nyumbani isipokuwa kwenda kwa Funayama, na kwa mwendo wa mzee. Ile oili usiyoifuta kaifute leo. Haikutoka kwa Fumie, imetoka kwenye sili iliyochakaa.

Hili la pili ndilo lililokunyima usingizi, na jibu lake umeliandika mwenyewe. Rudia barua yako polepole. Mwaka aliokosa kombe alikuwa amefunga springi gani? Ngumu. Miaka aliyomshinda Nihei alikuwa amefunga zipi? Laini. Nihei ni mzee mwema lakini ameipindua hadithi, na nadhani anajua, kwa sababu ni rahisi kwake kusema Fumie alizuiwa na mgongo wako kuliko kukiri kwamba yeye alishindwa na akili ya mpishi wa shule.

Lami ya kule juu imevimba na kupasuka. Gari lenye springi ngumu kwenye lami ya aina hiyo linarukaruka, na tairi likiwa hewani halivuti wala haligeuki. Springi laini iliyopangwa vizuri inalifuata kila tundu na kulirudisha tairi chini. Wanaume wote walifunga ngumu kwa sababu waliona magari ya viwanja vipya vyenye lami kama kioo. Fumie alijaribu kama wao mara moja, akaona, akaacha. Aliona kwa kutumia nini? Hapo ndipo ninapotaka ukae chini, mzee.

Kila mzunguko alikuuliza, "Wapi?" Wewe ukamwambia baada ya koni ya pili. Kisha akaenda kwenye tairi, akazungusha kitufe. Mtu anayekuhurumia angekuuliza kama unaumia, angekuletea mto, angekuacha nyumbani. Yeye alikuuliza mahali. Pale mgongo wako ulipogonga ndipo tairi lilipoachana na lami, na dereva mwenye kofia, anayetafuta koni inayofuata, hawezi kuligundua hilo kwa uhakika. Dereva wa basi wa maisha yote, aliyeketi kushoto bila kazi nyingine, analigundua. Aliposema asante kwa kugumia hakuwa akitania. Timu nyingine zina vyombo vya kupimia vyenye nyaya. Yeye alikuwa na wewe, na hao wenye nyaya aliwapita.

Kwamba alikupenda pia, na alifurahi kukushusha mlimani bila maumivu, sina shaka. Ile chai hakuimimina kwa ajili ya saa. Lakini usiseme tena kwamba alikubeba. Umekaa na fahari ya mke wako miaka yote ukidhani wewe ni mzigo ndani yake, na hilo ni kumkosea yeye, kana kwamba hakujua alichokuwa akikifanya.

Haya, kazi. Mwambie Funayama kabla hajafungua chochote achore mstari wa rangi kwenye ringi za kupandishia na kushushia gari na kwenye kila kitufe, ili vikirudi vikae alipoviacha mwenyewe. Zote nne zipelekwe, si zile mbili za mbele tu, zibadilishwe oili na sili, na raba za juu ziwe mpya. Waangalie ile fimbo inayoteleza ndani. Barabara zenu zinamwagiwa chumvi kila majira ya baridi, na ikiwa kutu imeitoboa fimbo, zimekwisha, usizing'ang'anie. Nunua mpya kwa urefu ule ule na ugumu ule ule wa springi, na hizo mpya zitakuwa za Fumie vilevile, kwa sababu uchaguzi ni wake. Za kiwandani achana nazo, zitakufaa ukienda sokoni kununua figili za daikoni. Na Kanna asilishushe gari. Gari likilala chini kwenye lami iliyovimba, shokapu inakosa nafasi ya kutembea, inagonga mwisho wake, na huko mbele itamgharimu rimu.

Huyo Kanna namwelewa, na yuko sahihi kwamba gari halikutengenezwa kuwekewa maua. Usimkataze, mwonyeshe. Zitoe zile ngumu chini ya kinu cha mochi, zipe siku moja ya mazoezi, asubuhi hizo ngumu anazozitaka yeye, mchana zile laini za bibi yake, saa ndiyo iamue. Nawe usibaki nyumbani. Panda kushoto. Akimaliza mzunguko na kuzima injini, kama hajakuuliza, mwambie wewe mwenyewe palipogonga mgongo. Mara ya kwanza atacheka. Mara ya pili atashuka kwenda kwenye tairi.

Siku ya mashindano atakwenda peke yake, ndiyo kanuni. Kabla hajavaa kofia, mpeleke kwenye madigadi ya mbele, uweke kiganja chako pale Fumie alipokuwa akiweka chake, ukandamize mara moja. Likishuka, likapanda, likatulia, mwambie mjukuu wako gari liko tayari, kisha nenda kasimame karibu na Nihei.

Kashiwagi, ukurasa wa magari